Jeni Zinazosafiri Pamoja: Namna ya Kupima Mfungamano wa Jeni kwa Mahindi, Hapa Tabora

Ukikaa na watu wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge, hutakosa kusikia habari ya mbegu inayostahimili ugonjwa lakini jani lake halimridhishi mnunuzi. Wengi huamua kwamba ndivyo ilivyo: ukitaka hiki, ubebe na kile. Mimi nasema tusikubali haraka hivyo. Huenda jeni moja inafanya kazi mbili, na hapo kweli huna la kufanya. Lakini huenda ni jeni mbili zilizokaa jirani kwenye kromosomu moja, na hizo zinaachanishika. Kinachobaki ni hesabu: utahitaji mimea mingapi ili upate mmoja ambamo zimeachana?

Kupata jibu la swali hilo ni ufundi unaojifunzwa kwa mikono, na zao zuri la kujifunzia ni mahindi, siyo tumbaku. Kila punje ni mtoto wake peke yake, mwenye mama na baba. Hindi moja zuri lina punje mia tatu na zaidi, na sifa kadhaa zinaonekana kwenye punje yenyewe, kwa hiyo unahesabu kizazi kizima mezani bila kupanda tena. Nimewaandikia wanafunzi wa vyuo vya kilimo, walimu wa bailojia na mkulima yeyote mwenye kiu ya kujua kinachoendelea ndani ya mbegu.

Nini hasa kinapimwa

Mahindi yana jozi 10 za kromosomu. Mmea unapotengeneza chavua au yai, kromosomu mbili za jozi hulala sambamba, hubadilishana vipande, kisha huachana. Jeni zilizo kwenye kromosomu tofauti hugawanyika bila kujuana. Zilizo kwenye kromosomu moja huwa zinakwenda pamoja, isipokuwa pale mabadilishano yanapotokea katikati yao. Kwenda pamoja huko ndiko tunakoita mfungamano.

Hapa stesheni yetu treni kutoka Dar es Salaam hukatwa: mabehewa mengine Kigoma, mengine Mwanza. Abiria wawili walio kwenye mabehewa yanayofuatana ni nadra mkato kuangukia kati yao. Waliokaa ncha mbili za treni huachana kirahisi. Jeni nazo ni hivyo, ila kwa jeni mahali pa mkato hubadilika kila mara. Ndiyo maana tukihesabu watoto wengi, idadi ya walioachana inatueleza umbali. Watoto 1 kati ya 100 wakiwa na mchanganyo mpya, tunasema umbali ni sentimogani 1. Hesabu hii ni ya kuaminika kwa umbali mfupi. Kwa jeni zilizo mbali mabadilishano hutokea mara mbili na zaidi, la pili likafuta kazi ya la kwanza, na mchanganyo mpya hauvuki asilimia 50. Ukipata 50, huwezi kujua kama jeni ziko mbali kwenye kromosomu moja au ziko kwenye kromosomu mbili.

Kwamba vipande hubadilishana kweli, siyo nadharia ya kwenye karatasi tu, kulionyeshwa mwaka 1931 na Harriet Creighton na Barbara McClintock wakitumia mahindi. Walichukua kromosomu ya 9 iliyokuwa na alama zinazoonekana kwa hadubini kwenye sehemu zake mbili, wakafuatilia alama hizo pamoja na sifa za punje. Punje zilipobadili mchanganyo, alama nazo zilikuwa zimebadilishana.

Mbegu za kuanzia

Kwenye hiyohiyo kromosomu ya 9 kuna jeni mbili zinazofaa sana kwa anayeanza. Ya kwanza ni C: ikiwepo punje ina rangi ya zambarau au nyekundu, na c mbili huacha punje bila rangi. Ya pili ni Sh: ikiwepo punje imejaa, na sh mbili hutoa punje iliyobonyea kichwani kama imenyauka. Herufi kubwa ni sura tawala, ndogo ni sura fifi.

Unahitaji mistari miwili safi, yaani koo mbili zinazozaa sifa zilezile kila kizazi. Mmoja una rangi na umejaa, C Sh kwenye kromosomu zote mbili. Mwingine hauna rangi na umenyauka, c sh zote mbili. Huu tutauita mpimaji. Usichukue tu punje ya zambarau kutoka sokoni ukaivusha na mahindi meupe ya jirani. Rangi ya punje hutegemea jeni kadhaa, C ni mojawapo tu, na mahindi meupe yanaweza kuwa meupe kwa sababu ya jeni nyingine kabisa. Hesabu yako itavurugika na hutajua ni kwa nini. Mistari iliyosafishwa ipo kwenye hifadhi za mbegu za utafiti. Kubwa kwa mahindi iko Urbana, jimbo la Illinois, Marekani. Ukiagiza nje, pitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) upate kibali kabla bahasha haijatumwa. Punje ishirini zilizoingia kinyemela zinaweza kuleta ugonjwa ambao mkoa mzima utaulipia.

Shamba na wakati

Masika yetu huanza Novemba na kuishia Aprili, na wakati huo kila ua kuanzia Ipuli hadi Kiloleni lina mahindi. Chavua ya mahindi husafiri kwa upepo. Kwa kazi hii ningekushauri uachane na masika kabisa, utafute bustani ya mbugani yenye kisima, upande Mei ili mahindi yachanue Julai na Agosti. Jirani hana mahindi yanayochanua, na joto kali la Septemba na Oktoba, ambalo huua chavua na kukausha ndevu, bado halijafika. Gharama yake ni maji, uzio wa maana, maana baada ya mavuno mbuzi na ng'ombe huachiwa, na jicho la kila siku kwa viwavijeshi vamizi. Wakikosa mahindi kwingine, watakuja kwako.

Panda kila mstari kwa awamu tatu, tofauti ya siku tano hivi. Mistari safi hukua polepole na haiendi sambamba, na hakuna hasara kama kuwa na ndevu tayari huku mbelewele za upande wa pili zimeshamwaga chavua yote.

Kuvusha kwa mkono

Msimu wa kwanza unatengeneza F1, yaani kizazi cha kwanza cha uvushaji: mstari wa rangi na mpimaji. Kazi yote imo kwenye mambo mawili, kuzuia chavua usiyoitaka na kuwahi ile unayoitaka.

Kagua mimea mama kila asubuhi. Mara uonapo hindi changa linachomoza kwenye kikwapa cha jani, livishe kifuko cha karatasi kabla ndevu hazijatoka. Ndevu zikishaonekana bila kifuko, liache hindi hilo. Hakuna njia ya kujua lilichavushwa na nani. Ndevu zikishatoka ndani ya kifuko, siku moja kabla ya kuvusha, jioni, fungua, kata ncha ya hindi kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, sentimita mbili hivi, kisha funika tena. Kesho yake utakuta ndevu zimechomoza kwa urefu unaolingana, kama brashi, na kila punje inapata nafasi yake.

Jioni hiyohiyo, vika mbelewele za mmea baba bahasha kubwa ya kaki, kunja mdomo wake kuzunguka shina na ubane kwa klipu. Chavua ngeni iliyokuwa imetua pale itakufa usiku. Asubuhi umande ukishakauka, mara nyingi kati ya saa tatu na saa tano, inamisha shina, gonga bahasha kwa kidole, chavua ya manjano ijae kwenye kona. Ikiwa imeganda mabongemabonge, kuna unyevu, subiri kesho. Ikiwa inamiminika kama unga mkavu, nenda nayo moja kwa moja kwenye hindi la mama, fungua kifuko, mwagia ndevu zote, funika palepale. Usiiache juani hata kidogo, kwani chavua ya mahindi hufa upesi. Funika hindi kwa bahasha ileile ya baba, uibane kwenye shina, na uandike juu yake kwa penseli: mama, alama ya mara, baba, tarehe. Kalamu ya wino hufutika kwa unyevu. Mama hutangulia siku zote katika maandishi. Ukibadilisha mpangilio katikati ya kazi, utajichanganya mwenyewe wakati wa kupukuchua.

Mahindi yakikauka, vunja punje moja uangalie kitako chake. Ukiona alama nyeusi, imekomaa. Punje zote za F1 zinapaswa kuwa na rangi na kujaa. Ukikuta isiyo na rangi au iliyonyauka, mama akiwa ni mpimaji, hilo ni hindi lililojichavusha au kuingiliwa. Litupe lote.

Msimu wa pili unavusha F1 na mpimaji. Hapa kuna njia ya mkato kwa mwenye kitalu kilichojitenga, mita 300 au zaidi kutoka mahindi mengine: panda safu nne za F1 na mbili za mpimaji, kisha ng'oa mbelewele za F1 zote kabla hazijafunguka. Pita kila asubuhi bila kuruka hata siku moja. Mpimaji ndiye baba pekee aliyebaki, upepo unakufanyia kazi, na mifuko haihitajiki. F1 inafaa kuwa mama kwa sababu ina nguvu ya chotara, mahindi yake ni makubwa, na punje nyingi ndiyo mali unayoitafuta.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusiiache F1 ijichavushe, tukahesabu kizazi cha pili (F2) kama Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi. Inawezekana, ila unajinyima taarifa. Kwa mpimaji, kila punje inakuonyesha wazi yai la F1 lilikuwa na nini, maana baba hakuleta chochote cha kulifunika. Kwenye F2 sifa tawala huficha nusu ya habari. William Bateson, Edith Saunders na Reginald Punnett walikutana na mfungamano kwenye maua ya jamii ya njegere mwanzoni mwa karne ya 20 kwa njia ya F2. Katika mimea 6,952 walipata 4,831 ya zambarau yenye chavua ndefu, 390 ya zambarau yenye chavua ya duara, 393 nyekundu ndefu na 1,338 nyekundu ya duara. Kwa uwiano wa 9:3:3:1 kundi la kwanza lilipaswa kuwa 3,911 na la mwisho 435 tu. Waliona sifa zinashikana, lakini hawakufika kwenye sababu. Ufafanuzi wa kromosomu uliletwa na Thomas Hunt Morgan kwa kutumia nzi wa matunda, na mwanafunzi wake Alfred Sturtevant akachora ramani ya kwanza ya jeni mwaka 1913.

Kuhesabu

Pukuchua kila hindi peke yake kwenye sinia jeupe, mchana, karibu na dirisha. Makundi ni manne: rangi imejaa, bila rangi imenyauka (haya mawili yanafuata wazazi), rangi imenyauka, bila rangi imejaa (haya ni mchanganyo mpya). Andika hindi kwa hindi, usichanganye kwanza. Punje zilizobanwa kwenye ncha ya hindi au kuliwa na wadudu huonekana kama zimenyauka; ziweke pembeni bila huruma.

C. B. Hutchison alifanya uvushaji huuhuu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alipata punje 4,032 zenye rangi zilizojaa, 4,035 zisizo na rangi zilizonyauka, 149 zenye rangi zilizonyauka na 152 zisizo na rangi zilizojaa. Jumla 8,368. Mchanganyo mpya ni 149 + 152 = 301, gawanya kwa 8,368, asilimia 3.6. Tazama jinsi makundi pacha yanavyolingana: 4,032 na 4,035, 149 na 152. Lazima iwe hivyo, kwa sababu kila badilishano moja huzaa pande mbili zinazokamilishana.

Ulinganifu huo ndio kipimo chako cha usafi. Chavua ya mahindi meupe ya mtaani ikiwa imepenya, italeta punje zilizojaa peke yake, na kundi la "bila rangi imejaa" litavimba huku pacha wake, "rangi imenyauka", akibaki palepale. Ukiona 60 dhidi ya 20, usianze kufikiria sayansi mpya. Tafuta hindi lililoleta tofauti, ndiyo faida ya kuandika hindi kwa hindi.

Sasa tuseme umevusha jeni mbili nyingine usizozijua umbali wake, punje 400, ukapata 168, 172, 31 na 29. Kabla ya lolote, pima kila sifa peke yake. Sifa ya kwanza: 168 + 31 = 199 dhidi ya 201. Ya pili: 168 + 29 = 197 dhidi ya 203. Zote ziko karibu na nusu kwa nusu, kwa hiyo hakuna kundi lililokufa njiani. Wengi huruka hatua hii, wakaita mfungamano kitu ambacho ni mbegu dhaifu kushindwa kukomaa.

Kisha jaribu la kai-mraba, linalopima kama tofauti na matarajio ni ya bahati tu. Kama jeni hazishikani, kila kundi lingekuwa 100. Chukua tofauti, zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa 100, jumlisha: 46.24 + 51.84 + 47.61 + 50.41 = 196.1. Kikomo kwa makundi manne, ambacho bahati tu hukivuka mara 5 kati ya 100, ni 7.81. Tumekivuka mbali sana, zimefungamana. Mchanganyo mpya ni 60 kati ya 400, asilimia 15. Kosa la kadirio ni kipeuo cha pili cha (0.15 × 0.85 ÷ 400), yaani asilimia 1.8 hivi, kwa hiyo umbali wa kweli uko kati ya 11.5 na 18.5 kwa ukadiriaji wa kawaida. Ungehesabu punje 40 tu, kosa lingekuwa asilimia 5.6, na jibu lako lisingefaa kwa kupanga chochote.

Jeni tatu kwa mpigo

Jeni mbili zinakupa umbali. Tatu zinakupa na mpangilio, na hapo ndipo kazi inapokuwa tamu. Kuna hesabu ya mahindi inayofundishwa sana darasani: v (miche iliyopauka), gl (majani yanayong'aa) na va (mbelewele zisizozaa chavua sawasawa). Mimea 726 ilipatikana hivi: ya kawaida kwa yote 235, yenye zote tatu 270, v peke yake 60 na gl pamoja na va 62, va peke yake 40 na v pamoja na gl 48, gl peke yake 7 na v pamoja na va 4.

Makundi makubwa mawili ni ya wazazi. Madogo kabisa, 7 na 4, ni ya waliobadilishana mara mbili, na badilishano la mara mbili huipindua jeni ya katikati tu. Linganisha "gl peke yake" na "ya kawaida": kilichobadilika ni gl. Basi gl ndiyo iko katikati. Kati ya v na gl: 60 + 62 + 7 + 4 = 133, asilimia 18.3. Kati ya gl na va: 40 + 48 + 7 + 4 = 99, asilimia 13.6. Wale 11 wanahesabiwa pande zote mbili kwa sababu wamevuka pande zote mbili. Kuwasahau ndilo kosa la kawaida kwenye mitihani.

Ongeza jambo moja. Kama mabadilishano mawili yasingejuana, wangetokea 0.183 × 0.136 × 726, kama 18. Wametokea 11. Badilishano moja huzuia jingine lisitokee karibu yake, na jambo hilo lina athari kubwa shambani.

Kurudi kwenye tumbaku

Kanuni ninayoitegemea ni fupi: gawanya 3 kwa kiwango cha mmea unaoutaka, utapata idadi itakayokupa uhakika wa asilimia 95 wa kuupata angalau mmoja. Jeni mbili zikiwa na mchanganyo mpya wa asilimia 3.6, upande mmoja unaoutaka ni nusu yake, 0.018. Kwa uvushaji wa mpimaji: 3 ÷ 0.018, mimea 167. Kwa F2, ukitaka mmea uliobeba mchanganyo huo kutoka kwa mama na kwa baba: 0.018 × 0.018, na idadi inaruka hadi zaidi ya 9,000. Ukisikia mtu anasema "nimejaribu, hizi sifa haziachani", muulize alipanda mimea mingapi, na kwa uvushaji gani.

Jeni N, inayoikinga tumbaku dhidi ya virusi vya batobato ya tumbaku, haikuwa ya tumbaku yetu. Ilihamishwa na F. O. Holmes miaka ya 1930 kutoka kwenye ndugu yake wa porini, Nicotiana glutinosa, mwenye kromosomu 24 dhidi ya 48 za tumbaku. Haikuja peke yake. Ilikuja na kipande cha kromosomu ya mwituni, na kwenye tumbaku ya mvuke kipande hicho kimehusishwa na kushuka kwa mavuno na ubora. Isitoshe, kipande cha spishi nyingine hakilali vizuri sambamba na kromosomu ya mwenyeji, kwa hiyo mabadilishano hupungua na idadi zangu hapa chini uzichukulie kuwa ni za chini.

Unachofanya ni kurudisha uvushaji kwa mbegu nzuri kila kizazi, ukitafuta mimea yenye N lakini iliyopoteza kipande cha pembeni. Tuseme unataka kukata ndani ya sentimogani 2 upande mmoja. Nusu ya miche itakuwa na N, na kati ya hiyo asilimia 2 imekata: 3 ÷ 0.02 ni miche 150 yenye N, yaani 300 kitaluni. Kwa tumbaku hilo si tatizo, kapsuli moja ina mbegu zaidi ya hizo. Ukitamani kukata pande zote mbili kizazi kimoja, ni 0.02 × 0.02, miche 7,500 yenye N au 15,000 kitaluni, na kwa vile badilishano moja huzuia jirani yake, hata hizo hazitatosha. Kata upande mmoja kizazi hiki kwa miche 300, upande wa pili kizazi kijacho kwa miche 300 mingine.

Kutambua mche wenye N kunataka kuuambukiza virusi, kwa hiyo kazi hiyo iachiwe kituo cha utafiti kama TARI Tumbi, siyo kitalu cha kijijini. Virusi hivi huhama kwa mikono na visu, na hata kwa vidole vya mvuta sigara. Mche wenye N hutoa madoa madogo yaliyokufa pale ulipoguswa, na virusi haviendelei. Lakini jotoridi likipita nyuzi 28 kinga hiyo hulegea na mche mzuri huonekana mgonjwa, kwa hiyo upimaji ufanyike Juni au Julai, kivulini, na matokeo yaliyochukuliwa Oktoba yarudiwe.

Mimea iliyokata kipande upande mmoja haitofautiani na mingine kwa macho. Hupatikana kwa alama za DNA zilizo kando ya jeni, au, pasipo maabara, kwa kupeleka kila ukoo wenye N kwenye mistari yake shambani na kupima majani makavu bani kwa bani. Hifadhi nusu ya mbegu za kila kapsuli kabla ya kupanda, kwenye bahasha yenye namba ya mama na baba, ndani ya chupa kavu. Ukoo utakaofanya vizuri utautaka tena, na mbegu ya mwaka huo huipati mara ya pili.